Volti Zilizopotea Njiani: Miaka Yangu ya Kutafuta Hitilafu za Umeme katika HiAce

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, gari langu la kubebea wanafunzi lilikataa kuwaka mbele ya nyumba ya tatu kati ya nyumba kumi na moja ninazozipitia kutoka Pongwe hadi Tanga mjini. Watoto saba walikuwa wameshapanda na kupakata mabegi yao, mvua ilikuwa ikipiga bati la juu, na kila nilipozungusha ufunguo nilisikia mlio mmoja mkavu, tak, taa za dashibodi zikafifia, kisha zikarudi kama kwamba hakuna kilichotokea. Baba wa mtoto wa nyumba ile alitoka na mwavuli, akaita vijana wawili waliokuwa wakipita, tukalisukuma gari hadi kwenye mteremko, likashtuka na kuwaka kwa gia ya pili. Watoto walikosa kipindi cha kwanza. Jambo hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu mzazi anayenikabidhi mtoto wake saa kumi na mbili asubuhi anaamini kwamba gari litafika.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya mwaka 1999, yenye injini ya dizeli ya 5L ya lita 3, mlango wa pembeni wa kuteleza, na mlango mmoja mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Kabla ya asubuhi ile nilikuwa nimeshalitumia fedha nyingi. Nilikuwa nimenunua betri mpya ya ampea-saa 70. Mwezi uliofuata stata, mota inayozungusha injini ili iwake, ilifunguliwa ikawekwa kaboni mpya. Kisha alteneta, mashine inayoichaji betri injini ikizunguka, nayo ikafungwa diodi mpya, vile vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Kila matengenezo yalileta nafuu ya wiki mbili au tatu, na nafuu hiyo ndiyo iliyonipoteza, maana ilinifanya niamini kwamba kifaa kilichobadilishwa kilikuwa kibovu kweli. Baadaye nilielewa kilichokuwa kikitokea: kila fundi aliyefungua betri au stata alilazimika kulegeza nyaya, kuzikwangua kidogo na kuzikaza upya, na kule kukwangua ndiko kulikolipa gari nafuu, si kifaa kipya.

Kabla ya kuanza kazi hii nilifundisha fizikia katika shule ya sekondari kwa miaka tisa. Sheria ya Ohm niliiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Kwa kuwa masomo ya sekondari hapa kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, niliifundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wangu wakaikariri kwa Kiingereza. Umeme wa gari nilikuja kujifunza kwa Kiswahili, kwa fundi mzee mwenye gereji isiyo na bango katika mojawapo ya barabara za Ngamiani, na nakiri kwamba ni huko ndiko nilikoielewa sheria ile kwa mara ya kwanza.

Nilimpelekea gari jioni ya siku ile ile. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza gari linasumbuaje. Nikaanza kumhesabia: betri mpya, stata imeguswa, alteneta imeguswa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hivyo ni vitu ulivyonunua, mwalimu. Mimi nauliza gari linafanyaje." Ilinibidi nianze upya na kueleza dalili moja moja: ule mlio, taa kufifia, tatizo kuzidi wakati wa mvua, na jambo moja ambalo sikuwa nimelihusisha kabisa na umeme, kwamba pedali ya mafuta ilikuwa imeanza kuwa nzito. Aliposikia hilo la pedali aliinua kichwa, akaenda kuchukua mita ya kupimia umeme.

Hakupima betri kwanza. Alichomoa waya mdogo wa kukata mafuta kwenye pampu ili injini isiwake, akaweka ncha nyekundu ya mita kwenye chuma kitupu cha injini, na ncha nyeusi akaigandamiza katikati ya risasi ya betri upande wa hasi. Aliigandamiza kwenye nguzo yenyewe, si kwenye kichwa cha waya kilichoishika nguzo hiyo. Akaniambia nizungushe ufunguo. Mita, ambayo ilikuwa imesimama kwenye sifuri, ikaruka hadi volti 2.1.

Nilibaki nikiitazama namba ile. Nilijua kwamba injini na hasi ya betri vinapaswa kuwa kitu kimoja, kwamba kati yao hapapaswi kuwa na tofauti yoyote ya maana. Kwenye mzunguko mzito kama wa stata, upotevu wa volti 0.2 au 0.3 upande mmoja unavumilika. Zaidi ya hapo kuna mahali umeme unabanwa. Betri yangu ilikuwa ikitoa volti 11 wakati wa kuzungusha, na kati ya hizo zaidi ya mbili zilikuwa zikiishia kwenye njia ya kurudi, kabla hata hatujahesabu zilizopotea upande wa kwenda. Stata ilikuwa inajaribu kuzungusha injini ya dizeli kwa chini ya volti tisa.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu juu ya boneti ya gari jingine lililokuwa pale. Stata ya ukubwa ule huvuta ampea 200 hivi. Volti 2 zikipotea kwenye ampea 200, ukinzani ni sehemu moja tu ya mia ya omu, kizio cha kupimia ukinzani. Hakuna mita ya kawaida inayoweza kuuona ukinzani mdogo namna hiyo, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina ukinzani unaozidi huo mara nyingi. Ndiyo maana fundi aliyetangulia, alipoweka mita kwenye omu na kugusa injini na bodi, aliisikia ikilia na kusema njia ni nzima. Mita haikumdanganya, yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo jibu lake halikuhusu tatizo. Ukitaka kujua kama waya unaweza kubeba ampea 200, sharti uubebeshe ampea hizo na uangalie unapoteza nini.

Kosa lilikuwa kwenye waya wa ardhi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari: ule msuko bapa wa nyuzi za shaba unaounganisha injini na chesisi. Kwa juu ulionekana wa kijivu kama mwingine wowote. Mzee aliukunja kwa vidole viwili, nyuzi zikakatika na kumwagika mkononi mwake kama majani makavu ya chai. Ndani zilikuwa nyeusi, na kwenye tundu la bolti palikuwa na unga wa kijani. Hewa ya chumvi ya pwani na matope ya barabarani vilikuwa vimeila shaba ile kwa miaka mingi. Na pedali nzito? Umeme uliokosa njia pana ulitafuta njia nyembamba: sehemu yake ilipita kwenye waya wa chuma wa eksileta, unaotoka injini hadi kwenye pedali, ukaupasha joto kila nilipowasha gari hadi plastiki ya ndani ikaanza kuyeyuka na kuushika. Tulitengeneza waya mpya wa ardhi kutokana na waya wa betri wa milimita za mraba 35, tukabana vichwa vyake kwa mashine, tukapiga msasa chuma cha injini na cha chesisi hadi kikang'aa, tukakaza, kisha tukapaka grisi juu ili hewa isiingie. Kipimo kile kile kikashuka hadi volti 0.18. Waya wa eksileta niliubadilisha wiki iliyofuata.

Tangu siku ile betri ile ile niliyoishutumu ilinihudumia kwa miaka mingine mitatu.

Nilimwomba mzee aniruhusu kurudi gerejini kwake siku za Jumamosi, akakubali, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa niliyapata kwa kufanya mwenyewe huku yeye akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, akinirekebisha pale tu nilipotaka kununua kitu kabla ya kupima.

Somo la pili lililetwa na taa za nyuma. Mzazi mmoja aliyekuwa akinifuata kwa pikipiki usiku aliniambia kwamba nikikanyaga breki, taa ya kushoto inafifia badala ya kung'aa. Nilijaribu nikiwa nimesimama karibu na ukuta wa nyumba, nikaona ni kweli. Isitoshe, mshale wa indiketa kwenye dashibodi ulikuwa unawaka kwa unyonge nikikanyaga breki, ingawa sikuwa nimegusa indiketa. Watu wengi wakiona mambo ya namna hii husema nyaya zimechanganyika. Nami nilidhani hivyo, nikawa tayari kufungua dashibodi nzima.

Maelezo yake ni mepesi ukishayaona. Ndani ya taa ile ya kushoto kuna balbu yenye nyuzi mbili, moja ya wati 5 ya taa ndogo na nyingine ya wati 21 ya breki, na pembeni yake balbu ya indiketa ya wati 21. Zote hupata umeme kwa nyaya tofauti, lakini hurudi kwa waya mmoja wa ardhi. Waya huo ukikatika au ukila kutu pale unapofungwa kwenye bodi, umeme ulioingia kwenye balbu ya breki hauna pa kutokea. Unarudi kinyume kupitia uzi wa balbu ya indiketa, unasafiri kwa waya wa indiketa hadi mbele ya gari, na huko unapata ardhi kupitia balbu ya indiketa ya mbele na ile ndogo ya kwenye dashibodi. Kila balbu njiani inapata sehemu ndogo ya volti, kwa hiyo zote zinawaka kwa unyonge. Nyaya zilikuwa mahali pake. Umeme ndio uliokuwa ukipita pasipo pake, kwa kuwa njia yake ya haki ilikuwa imefungwa.

Kwenye magari ya Toyota waya wa ardhi kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi, na ukiijua rangi hiyo unapunguza nusu ya kutafuta. Niliupata nyuma ya taa, nikaweka ncha moja ya mita juu yake na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, nikamwomba mwanangu akanyage breki taa zikiwa zimewashwa. Volti 6 na ushei. Pangepaswa kuwa na chini ya moja ya kumi. Nikaufuata waya hadi kwenye bolti moja ndogo chini ya zulia, karibu na tairi ya akiba, ambako maji ya kusafishia gari hutuama. Kazi ya kuipiga msasa na kuikaza ilichukua dakika kumi na haikugharimu hata shilingi.

Nataka kukaa kidogo kwenye kisa cha tatu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kutoiamini mita inapopima waya usio na mzigo, yaani usio na kifaa kinachovuta umeme, na nimeona mafundi hodari wakianguka hapo hapo. Waipa ya nyuma iliacha kufanya kazi. Fundi mmoja alichomoa plagi ya mota yake, akapima akakuta volti 12.3, akasema umeme unafika, basi mota imekufa. Hoja hiyo ilionekana haina kasoro. Nilinunua mota ya mtumba, tukaifunga, haikuzunguka. Akasema ya mtumba nayo ni mbovu.

Nilimweleza mzee, naye akanipa kifaa ambacho nakitumia hadi leo: balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa kwenye kishikio chake, ikiwa na nyaya mbili ndefu zenye vibanio. Akaniambia niiunganishe kwenye plagi ile ile na nipime tena balbu ikiwa imeunganishwa. Uzi wa balbu ukawa mwekundu kama kaa linalokaribia kuzimika, na mita ikashuka kutoka volti 12.3 hadi 3.8. Volti nane na nusu zilikuwa zimepotea mahali fulani kabla ya kufika pale.

Sababu ni kwamba mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo inapopima inavuta mkondo wa takriban sehemu moja ya milioni ya ampea. Mkondo mdogo kiasi hicho unapita hata kwenye uzi mmoja wa shaba, hata kwenye ncha mbili zilizooza zinazogusana kwa bahati, bila kupoteza chochote cha kuonekana. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani uliokunjwa: ukifunga bomba upande wa mwisho, presha ni ile ile, ukifungua ndipo unaona maji yanadondoka. Balbu inavuta karibu ampea 2, na mota ya waipa zaidi ya hapo, na hapo ndipo ubovu wa njia unapojionyesha.

Kwenye gari lenye mlango mkubwa wa nyuma, mahali pa kwanza pa kutazama ni ule mpira uliokunjamana kama kinanda, unaopitisha nyaya kutoka kwenye paa hadi kwenye mlango. Mlango huo unafunguliwa na kufungwa mara kadhaa kila siku kwa miaka ishirini, na nyaya zinakunjwa mahali pale pale kila mara. Nilipaka sabuni ya maji kwenye kingo za mpira, nikausogeza taratibu. Nyaya saba zilikuwa ndani. Mbili zilikuwa na plastiki iliyopasuka kiasi cha kuonekana shaba. Lakini ule wa waipa ulionekana mzima kabisa. Niliushika kwa vidole kila upande wa mkunjo nikauvuta kidogo, ukarefuka kama mpira wa nguo. Plastiki ilikuwa nzima ilhali shaba iliyomo ndani ilikuwa imekatika yote, na ncha zilikuwa zinasuguana ndani ya ganda lake. Nilipouchana kwa kisu nilikuta nyuzi nyeusi zisizoshika hata lehemu.

Namna ya kuutengeneza ni muhimu sawa na kuupata. Ukikata na kuunga pale pale kwenye mkunjo, kiungo kitakatika ndani ya miezi michache, kwa sababu lehemu huifanya shaba kuwa ngumu na ugumu hauvumilii kukunjwa. Nilikata kipande chote cha sentimita 35 kwa nyaya zote saba, nikaweka waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, na viungo nikaviweka nje ya mpira pande zote mbili, vingine ndani ya dari na vingine ndani ya mlango, nikivipishanisha ili vifuate kimoja baada ya kingine badala ya kurundikana mahali pamoja. Kila kiungo nilikisokota, nikakilehemu, nikakivika mrija wa plastiki unaonywea kwa joto. Tepu nyeusi ya umeme siitumii tena mahali popote penye joto. Gundi yake huyeyuka, tepu ikateleza, na waya ukabaki mtupu. Kazi ile ilinichukua Jumamosi nzima, na ile mota ya zamani, niliyokuwa nimeshaitupa chini ya kitanda, ilipounganishwa ilizunguka mara ya kwanza.

Mwaka uliofuata gari likaanza kulala bila nguvu kila Jumatatu. Siku za katikati ya wiki liliwaka vizuri, lakini baada ya kusimama tangu Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi betri ilikuwa na volti 11.9, wakati betri iliyoshiba na kupumzika inapaswa kuwa na 12.6 hivi. Alteneta niliipima gari likinguruma ikatoa volti 14.1, yaani inachaji. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachokunywa umeme usiku.

Hapo nilifanya kosa ambalo nalieleza kwa nia ya kumwepusha mwingine. Ili kupima mkondo unaovuja, mita hufungwa katikati ya hasi ya betri na waya wake, na waya mwekundu wa mita huhamishiwa kwenye tundu la ampea 10. Nilipima hivyo, nikamaliza, kisha nikataka kuangalia volti za betri bila kurudisha waya ule kwenye tundu lake. Mita ikiwa kwenye ampea ni sawa na kipande cha waya. Niliunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Cheche iliruka, fyuzi ya ndani ya mita ikakatika, na ncha ya kipimio ikabaki na kovu. Kama mita ile isingekuwa na fyuzi ningeungua mkono. Vilevile gari lisiwashwe kamwe mita ikiwa imefungwa hivyo, kwa kuwa ampea 200 za stata zitapita ndani yake.

Kipimo chenyewe kilikuwa ampea 0.6, milango ikiwa imefungwa na kila kitu kimezimwa. Gari la aina hii, lenye saa na kumbukumbu ya redio tu, linapaswa kuwa chini ya 0.05. Kutoka saa kumi na moja jioni ya Ijumaa hadi saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu ni saa 61, na ampea 0.6 kwa saa hizo zote ni karibu ampea-saa 37, zaidi ya nusu ya betri yangu. Nilichomoa fyuzi moja baada ya nyingine nikitarajia namba ishuke. Haikushuka. Nilichomoa zote. Bado 0.6. Nilianza kuishuku alteneta, kwani diodi yake ikivuja hutoa dalili ya namna hiyo, lakini kabla ya kuifungua nilirudi kwenye nguzo ya chanya na kuhesabu nyaya zilizoshika pale. Kulikuwa na waya mwekundu ambao haukuwa wa kiwandani.

Niliufuata. Ulipita kwenye tundu la bati lenye makali, bila mpira wa kuukinga, ukaenda chini ya kiti hadi kwenye amplifaya ya redio iliyofungwa kabla sijalinunua gari. Aliyeifunga alikuwa ameuunga waya wa kuiamsha amplifaya pamoja na huo wa moja kwa moja, kwa hiyo haikulala hata sekunde moja. Lakini lililonitisha zaidi ni kwamba waya ule, wenye uwezo wa kubeba nguvu zote za betri, haukuwa na fyuzi tangu mwanzo hadi mwisho. Plastiki yake ilikuwa imeshakwanguliwa nusu na bati lile. Watoto kumi na wanne walikuwa wanakaa juu yake kila siku. Nilikaa kimya kwa muda mrefu nikiwa nimeushika. Amplifaya niliiondoa kabisa, na tangu hapo waya wowote ninaouongeza kutoka betri unapata fyuzi ndani ya shubiri moja kutoka kwenye nguzo.

Kuhusu fyuzi nina msimamo ambao siulegezi. Fyuzi haimo kwa ajili ya kulinda taa wala redio; imo kwa ajili ya kulinda waya usiungue. Fyuzi ya ampea 15, ile ya bluu, imewekwa pale kwa sababu waya ulioko nyuma yake unaweza kuvumilia kiasi hicho na si mara tatu yake. Nimekuta magari ya abiria ambayo fyuzi hiyo imebadilishwa kwa nyuzi za shaba zilizosokotwa, na mwenye gari anafurahi kwamba haikatiki tena. Langu lenyewe lilikuwa hivyo upande wa taa ndogo, na nilipofungua nyuma ya kisanduku nilikuta waya umegeuka kahawia na plastiki yake imeshikana na ya jirani.

Nilipoweka fyuzi halali ilikatika mara tu nilipowasha taa. Hapo ile balbu ya mzee ikafanya kazi nyingine. Nilitoa balbu zote za taa ndogo ili zisivute umeme, kisha nikaunganisha balbu ya wati 21 kwenye matundu mawili ya fyuzi, mahali pa fyuzi yenyewe. Nilipowasha taa, ikang'aa kwa nguvu zote: maana yake umeme ulikuwa unapita na kwenda moja kwa moja kwenye bodi, huku balbu ikiuzuia usizidi ampea 2, waya usiungue wakati natafuta. Nikaanza kutikisa fungu la nyaya kuanzia mbele kwenda nyuma, shubiri kwa shubiri, macho yakiwa kwenye balbu. Nilipofika chini ya safu ya tatu ya viti ikafifia, ikawaka, ikazimika. Skrubu ya kiti kilichoongezwa ilikuwa imepenya sakafu na kuuma waya mmoja. Bila balbu ile ningeteketeza fyuzi kumi na kufumua sakafu yote.

Siku hizi nina daftari la gari. Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, napima upotevu wa volti kwenye viungo sita vya ardhi, kila kimoja kikiwa na mzigo wake, naandika namba na tarehe. Viungo haviharibiki kwa siku moja. Vipimo vyake hupanda polepole, na namba iliyoandikwa ndiyo inayoonyesha mwendo huo kabla dalili haijatokea barabarani. Mwaka huu nilirudia vipimo mwezi Juni kwa sababu masika yalikuwa makali. Vitano havikubadilika. Kile cha taa ya nyuma kushoto, kilichokuwa 0.04 mwezi Februari, kilisoma 0.13. Nilikifungua nikakuta bolti ina unyevu, nikafuatilia maji hadi kwenye mpira wa taa uliopasuka upande wa juu. Nilibadilisha mpira, nikakipiga msasa kiungo, nikakipaka grisi, na kipimo kikarudi 0.04. Kitapimwa tena Septemba pamoja na vingine.